Kula Tatu

Mama mkwe wangu hakusoma, na Kiswahili chake ni cha mnadani: bei, ng'ombe, chumvi, basi. Lakini mtu akiniuliza ni nani aliyenishika mkono mwaka ule chama chetu kilipotaka kupasuka, nitamtaja yeye kabla ya mume wangu. Mume wangu analijua hilo, na bora aendelee kulijua.

Kijijini kwetu, upande wa Kishapu, karibu kila mkulima wa pamba alikuwa na kadi ya chama kilichodai uhuru. Wenye haki ya kupiga kura tulikuwa wachache tu: mwalimu, dresa wa zahanati, na mimi, kwa sababu nilisoma sekondari. Mwingereza alitaka mpiga kura awe na elimu au kipato kikubwa. Mume wangu, katibu wa tawi, hakuwa na hata kimojawapo. Wala kiongozi wa vijana wanaolima mashamba kwa zamu, aliyepiga kelele kuliko wote. Tena sheria ilidai kila mmoja aweke alama tatu kwenye karatasi: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Ukiweka moja tu, karatasi yako inatupwa.

Wakubwa wa chama wakasema tushiriki, na wakatutajia watu wa kuwapigia. Kwenye nafasi ya Mhindi wakatuletea mtoto wa mnunuzi wa pamba wa hapo hapo kwetu. Tawi likaingiwa na wazimu. Hakuna mkulima ambaye hakuwahi kuibiwa na mizani ya baba wa kijana huyo. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama sokoni mbele ya watu akakiri kwamba mizani ile inaiba, na baba yake akamfukuza nyumbani. Nusu ya tawi wakasema huyo ni mwenzetu. Nusu wakasema anayekiri wizi akiwa ameshashiba, bado ameshiba.

Walibishana uani kwangu kila jioni, mimi nikiwapikia uji. Tukimpigia kura mtoto wa mwenye mizani, sisi ni chama cha nani? Cha wenyeji, au cha kila mtu anayejipendekeza? Maswali yalikuwa mazuri. Kilichonichoma ni kwamba hakuna aliyeniuliza mimi, mwenye kura. Wajumbe kutoka Shinyanga mjini wakaniambia mimi ni askari wa chama, nitii, niweke tatu. Wa kijijini waliompinga kijana wakaniambia mimi ni mke wa mtu, nitii, niweke moja, na karatasi ikitupwa, itupwe.

Nikawaambia wote kwamba nitaamua mwenyewe.

Basi kiongozi wa vijana akatoa adhabu ya kizamani: nisipewe moto. Kwetu jivu likipoa unachukua kigae, unakwenda kwa jirani kuomba kaa. Nilikwenda kwa mwanamke niliyepalilia naye pamba msimu mzima. Akatazama pembeni, akasema moto wake umezimika. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa lake. Viberiti vilikuwepo, lakini dukani kwa mwenye mizani. Ningeonekana mlangoni pake wiki ile, wangesema nimehongwa. Mume wangu akasema yeye ni katibu, hawezi kuegemea upande. Mtoto wetu ana homa, anataka maji ya moto, na baba yake haegemei upande!

Mama mkwe alikuja mchana kweupe. Alibeba makaa mekundu kwenye kigae na akapita katikati ya njia ili kila mtu aone. Kiongozi wa vijana alikuwa uani na mume wangu, akamuuliza kama hajasikia amri.

Hapa lazima niseme kitu. Ndimi nyingi za Kisukuma haziipendi ile r, na kura kwetu hutoka kama kula. Wiki nzima bibi wa watu alikuwa akisikia wanaume wazima wakigombania kula.

"Kwani selikali imesema nini?" akauliza.

"Kula tatu, mayu. Mwaflika, Mzungu na Mhindi, pamoja," kiongozi wa vijana akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akafikiri. "Sahani moja?"

"Kalatasi moja."

"Na aliyepika ni nani?"

Mume wangu akaanza kumweleza kwamba si kula ya mdomo. Hakumsikiliza.

"Kama tumepika sisi, waje wale. Mgeni akishiba hageuki kuwa mwenye nyumba. Na huyu," akaninyooshea kidole, "mnamnyima moto, halafu mnamtaka chakula?"

Akapiga magoti mafigani, akapuliza. Sisemi kwamba alinifundisha siasa. Alikosea neno, na mpaka leo ukimweleza anakuona mjinga. Lakini maji yalichemka, mtoto akakandwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikafikiri bila kelele za mtu kichwani.

Siku ya kura nilimwachia mama mkwe mtoto, nikapanda lori la pamba hadi Shinyanga, nikaweka alama tatu. Sikumtii mtu. Niliweka kwa sababu tumepika sisi.

Niliporudi, uani walikuwa wamejaa. Wakataka kujua nimeweka ngapi. Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni, mtoto mgongoni, amelala na homa imeshuka.

"Mwacheni ale kwanza," akasema.

Hakuna aliyejua anasema kula ipi. Nikaingia, nikakaa karibu na moto wake, nikala ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde makavu, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Kesho yake jirani yangu alikuja na kigae mkononi, ameinamisha kichwa. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni: moto wangu umezimika. Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Sikumsamehe. Lakini nilimchagulia kaa kubwa.