Siku Mtani Aliponyamaza

KAPIRI MPOSHI. Saa mbili asubuhi, Edina Nkandu anakata kitambaa cha kijivu kwenye meza yake sokoni. Mkasi unatembea polepole. Bendera ya posta, ng'ambo ya barabara, iko nusu mlingoti, na tangu aketi hajainua macho kuiangalia.

"Nikiitazama nitakata vibaya," anasema.

Kitambaa ni cha suti ya mikono mifupi, kola wazi, mifuko minne, nguo isiyotaka tai. Huku huitwa suti ya safari. Nchi jirani wameiita kwa jina la mtu: kaunda suti. Mtu mwenyewe, rais wa kwanza wa nchi hii, aliyetembea siku zote na leso nyeupe mkononi, ndiye anayeliliwa wiki hii.

Edina, mwenye miaka 52, mjane na mama wa watoto watatu, anaishi kwa suti hizi. Kila moja humwachia kama kwacha mia mbili, na mwezi mzuri hushona sita. Wateja wake ni wastaafu wa reli, walimu wakuu na wazee wa kanisa. Vijana hawazitaki.

"Wananiambia, Mama Bupe, hiyo ni nguo ya picha ya ukutani."

Alhamisi mchana alikuwa anashona mfuko wa kifuani, ule wa leso, redio ya kinyozi ilipokatiza muziki. Mtangazaji alisema rais wa kwanza amefariki. Kinyozi alizima mashine, akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Muuza dagaa aliendelea kumimina kikombe kwenye mfuko uliokwisha kujaa, dagaa wakamwagika chini, asione.

"Mimi mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani," Edina anasimulia. "Nilipoangalia, nimeupiga mfuko mshono juu. Nimeufunga mdomo."

Marehemu alikuwa na miaka tisini na saba, na siku kadhaa zilizopita watu walisikia amelazwa. Hata hivyo habari iliwapiga kama kofi.

"Usiniulize kwa nini," anasema. "Tangu nizaliwe alikuwepo. Nilidhani ataendelea kuwepo tu."

Lakini kabla ya kulia, Edina alikumbuka jambo. Baba yake hakuwa na habari.

Mzee Lameck Nkandu ana miaka 84. Alikuwa nyapara wa kikosi kilichotandika reli mpaka ikafika Kapiri. Sasa anaumwa presha, na mganga wa zahanati amewaonya watoto wake wasimpe habari za ghafla. Redio ya mzee, Edina alikuwa ameibeba sokoni asubuhi hiyo ikafungwe waya mpya. Mzee alikuwa nyumbani peke yake, kwenye kiti chake cha barazani, na mtu yeyote angeweza kupita na kumpigia kelele kutoka nje ya ua.

Kwao, habari ya kifo haipelekwi na mtoto wa nyumba. Hupelekwa na mtani. Wabemba na Wangoni walipigana zamani, na walipoacha kupigana wakabaki kutaniana, hasa msibani. Mngoni humwita Mbemba, kama baba yake Edina, mla nyani, na Mbemba humwita Mngoni mla panya. Mtani huingia na matusi, mfiwa hucheka kabla ya kulia, na kile kicheko humsaidia kupata pumzi.

Mtani wa Mzee Nkandu ni Gershom Jere, fundi viatu wa kibanda cha pili kutoka kwa Edina. Mkewe Mzee alipofariki, Jere ndiye aliyepeleka habari. Alisimama mlangoni akasema, "Mbemba wee, mkeo amechoka kukuchomea nyani, ameondoka zake." Mzee alicheka, kisha akaanguka mikononi mwake.

Alhamisi hiyo Edina alimkimbilia. Jere alikuwa ameketi na kiatu cha mtu mapajani, nyundo mkononi, hapigi.

"Mtani, twende nyumbani. Baba hajui."

"Siwezi, Mama Bupe."

"Huwezi nini? Wewe si Mngoni?"

"Mtani humtania aliyefiwa," Jere alimjibu. "Leo na mimi nimefiwa. Nani atanitania mimi?"

Edina alipandwa na hasira. "Miaka yote umetutukania wafu wetu, umeila nyama yetu ya matanga, leo ndiyo umegeuka mstaarabu?"

"Basi tafuta mtu ambaye hakufiwa, umpeleke."

Edina aligeuka kuangalia. Kinyozi, Mtonga, alikuwa amejifunika uso kwa taulo la mteja. Muuza dagaa, Mlozi, alikuwa ameketi chini katikati ya dagaa zake. Mama wa kabila la Walala aliyeuza viazi alikuwa akilia kwa sauti kana kwamba ameletewa habari ya nyumbani kwake.

"Hakukuwa na hata mmoja," Edina anasema, na mkasi unasimama. "Soko zima."

Mwishowe alimshika Jere mkono, akamvuta kama mtoto. Njiani walikubaliana maneno. Jere angesema kwamba yule mzee wa leso nyeupe amechoka na kelele za Wabemba, ameamua kwenda kupumzika. Aliyarudia mpaka kwenye lango la ua.

Mzee alikuwa barazani, anamenya karanga.

"Karibu, mla panya," alisema, kama anavyosema siku zote.

Jere alifungua mdomo. Hakutoka hata neno moja. Alivua kofia, akasimama pale uani, barakoa imemteremka mpaka kidevuni, machozi yakishuka.

Mzee alimtazama. Akamtazama binti yake. Karanga ziliteleza kutoka mapajani, zikasambaa sakafuni.

"Mngoni ameingia kwangu kimya," alisema taratibu. "Aliyekufa si wa nyumba hii. Aliyekufa ni wetu sote." Kisha akauliza, "Ni Mzee wa leso?"

Edina aliitikia kwa kichwa.

Alikwisha kuweka mkono kwenye kidonge alichokuwa amekificha kwenye upindo wa chitenge chake. Alimwona baba yake anavuta pumzi, anaishikilia. Akaona midomo inabadilika rangi. Anasema hajawahi kuogopa vile, hata siku ya mumewe.

Halafu Mzee akapiga goti lake kofi.

"Sasa wewe unalia nini, Jere? Panya wameisha kwenu?"

Jere alicheka huku analia, kicheko kibaya, kama mtu anayekohoa. Mzee naye akacheka, na ndipo alipolia.

"Baba ndiye aliyefanya kazi ya mtani," Edina anasema. "Mfiwa alimtania mletaji wa habari. Sijawahi kuona."

Jioni ile Mzee aliagiza moto uwashwe uani, kama unavyowashwa kwenye msiba wa nyumba. Wanaume wakaja kuuzunguka, wameachiana nafasi kwa sababu ya korona. Hawakumsifu tu marehemu. Mzee mwenyewe alikumbusha miaka ya foleni, watu wakilala dukani kungoja unga na sabuni, na wale waliofungwa kwa kusema wasiyotakiwa kusema.

"Mke wangu alifua kwa majivu," alisema. "Nilimchukia mtu yule. Nilimchukia kabisa."

"Sasa mbona moto?" jirani mmoja aliuliza.

Mzee alinyoosha kidole kuvuka moto, kwa Jere. Kwenye kambi ya reli waliwekwa chumba kimoja, kijana kutoka Chipata na nyapara wa Kibemba, kwa sababu agizo la marehemu lilikuwa makabila yachanganywe. Wiki ya kwanza kila mmoja alilala na jembe lake pembeni.

"Alininyima sabuni," Mzee alisema. "Akanipa Mngoni. Hata kumrudisha siwezi."

Leo Jere anapita kwenye kibanda cha Edina, chai mkononi. Kitambaa cha kijivu ni chake. Mzee ndiye aliyekinunua, akaagiza mtani avae suti ya msiba, maana jeneza likiletwa mikoani wanataka kwenda kuaga pamoja.

"Kifua kimepungua," Edina anamwambia akimpima mabega. "Unakula vizuri kweli?"

"Nitakulaje? Nyani wote mmemaliza nyie."

Edina anacheka, mara ya kwanza asubuhi hii. Anasema anataka suti hii iwe tayari kabla ya ratiba kutangazwa, na kwamba baada ya msiba ataanza kumfundisha binti yake, Bupe, ukataji wa kola, ili zisije zikaisha na wazee.

Ile suti ya Alhamisi bado imetundikwa nyuma yake, mfuko wa leso umefungwa mdomo. Mwenyewe alipokuja kuiangalia alisema mfuko usifumuliwe. Ya Jere itakuwa na mfuko wa kifuani wazi, leso ikae. Mifuko miwili ya chini Edina ataishona ifungwe kabisa. Ni amri ya baba yake.

"Amesema tunakwenda kumuaga Mzee," anaeleza, na kuinama tena kwenye mkasi. "Mngoni asije akaingia na panya."