Asubuhi ya Kitabuni

Omena, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa, harufu haiombi ruhusa kuingia ndani. Jana jirani yangu hapa mjini aliwamwaga juu ya gunia uani, rundo moja, wakalaliana. Niliacha kalamu, nikasimama dirishani nikiwashwa mikono. Mama asingevumilia.

Mama yangu, ambaye majirani walimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu aliolewa kutoka huko, alikuwa na mkono wake mwenyewe. Kila asubuhi, kwenye ufuo wetu karibu na Homa Bay, alichota omena kwa kiganja, akakunja kifundo cha mkono na kuwarusha juu ya jamvi la mafunjo. Walianguka kama manyunyu, kila mmoja mahali pake. Mimi nilimfuata nyuma nikitenganisha wachache waliogusana.

“Akelo,” aliniuliza karibu kila siku, “hiki ninachofanya, huko shuleni kwa Kizungu mnakiitaje?”

“Bado hatujafika hapo, Mama.”

“Mkifika uniambie. Siku ya wazazi nitakuja kusikiliza.”

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Baba alishasema kumsomesha msichana ni kuteka maji kwa wavu. Mama ndiye aliyesimama mlangoni akakataa nitolewe shuleni, na hakutaka kitu kingine kwangu ila jibu hilo.

Mwalimu wetu, Mwalimu Chacha, alikuwa Mkuria wa Ntimaru. Hakujua Kijaluo, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiswahili na kwa fimbo. Kujiandaa kwa siku ya wazazi, kila mtoto alisimama aeleze asubuhi yake kwa Kiingereza, huku mikono ikiigiza. Kitabu chetu cha Kiingereza kilikuwa na asubuhi yake: mtoto anapiga mswaki, mama anaoka mkate, mama anambusu mtoto.

Asubuhi yangu haikutaka kuingia humo. Nilijitwika mtungi, nilimweleka mdogo wangu, nilipakata ungo. Mwalimu akanipa neno moja la yote, carry, kubeba tu, nikajiona kama niliyenyang'anywa vyombo. Kwa omena, nilijaribu kusema nawatupa.

“Unatupa samaki?”

“Hapana, mwalimu.”

“Sasa unafanya nini?”

Nikakunja kifundo cha mkono, nikarusha hewa. Darasa zima likaangua kicheko.

“Mwingereza hasemi hivyo,” alisema. “Sema kilicho kitabuni.”

Nilitafuna penseli hadi risasi ikavunjikia mdomoni. Wiki nzima nilirudia, nikakosea, nikachapwa. Mwishowe hasira yangu yote ikamwangukia Mama. Kwa nini hakuoka mkate kama mama za watu?

Siku ya wazazi alikuja na gauni la kanisani, akakaa benchi la mbele. Nilisema asubuhi ya kitabuni bila kosa hata moja, mikono ikikanda unga usiokuwepo. Katekista wa kijiji alisimama kando yangu akitafsiri sentensi moja moja kwa Kijaluo.

“Nyar Karungu!” mama mmoja alipaza sauti. “Kumbe unaoka mkate na hutugawii!”

“Na mabusu unampa saa ngapi, samaki wakikungoja?” mwingine akadakia.

Mama alitabasamu. Alikuwa ameinama mbele, akiningoja. Watu walipopiga makofi na mimi nikarudi kukaa, bado alikuwa ameinama vile vile.

Njiani alisema, “Hukukwama hata mara moja.” Tulipopita kisimani akaongeza, “Yule mama ni wa wapi?”

“Wa kitabuni.”

“Ahaa.”

Kesho yake alirusha omena kama kawaida, nami nikafuata nyuma. Hakuuliza. Hakuuliza tena kamwe, na mimi, mjinga, nilishukuru kwamba amenipumzisha.

Miaka mingi niliamini ni vicheko vya wale wanawake vilivyomnyamazisha. Sasa ninaishi kwa kuhangaika na maneno, na ninajua hakujali vicheko. Alingoja mpaka sentensi ya mwisho, na ilipokwisha akachukua kimya changu kuwa ndilo jibu: huko kwa Wazungu, afanyacho yeye hakipo.

Ningeweza kusema, kwa Kiingereza cha kuchechemea, maneno mengi mahali pa moja: mama yangu anatawanya samaki wadogo ili kila mmoja apate jua. Mwalimu angenichapa. Lakini maneno hayo nilikuwa nayo yote, mama, samaki, wadogo, hata jua.