Mkwe Aliyefundisha Mistari Iliyopinda

Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga Oldonyo Sambu, na sijawahi kujuta. Nyumba hii ya Moshono niliijenga kwa ng'ombe, si kwa vyeti. Kwa hiyo binti yangu, yeye mwenye digrii, aliponiambia kwamba mtu anayetaka kumwoa anafundisha hisabati chuoni, nilimuuliza swali moja tu.

"Ana mifugo?"

"Baba, ana akili."

"Akili haikamuliwi."

Kijana alikuja Jumamosi na blanketi langu la posa, ndoo ya asali, na mshenga, mwalimu mkuu mstaafu anayeongea kama bado amewasimamisha watoto paredi. "Mzee," akasema, "kijana wetu ni bingwa wa mistari iliyopinda."

Nikamwambia kijana aitaje mwenyewe hiyo mistari. Akaitaja bila kupumua: parabola, kateneri, saini ile ya kwenye pembetatu, na mingine iliyosikika kama dawa za josho.

"Hiyo kateneri, kwa nini inaitwa hivyo?"

Akaanza kunipa fomula.

"Sijauliza inapigiwaje hesabu. Nimeuliza jina."

Kwetu ng'ombe hapewi jina bure. Anaitwa kwa rangi yake, kwa baka lake, kwa jinsi pembe zilivyokaa. Mchungaji asiyeweza kukueleza jina la ng'ombe limetoka wapi humwachii zizi. Na huyu, mtu mzima na tai yake, analipwa kufundisha majina asiyoyajua.

"Sijui, baba," akasema.

Mshenga akadakia, "Mzee, hayo ni ya Kilatini, hayana haja."

"Basi na binti hana haja. Kunyweni chai."

Wiki ile binti yangu aliniamkia shikamoo na kuondoka, asubuhi na jioni, kama mpangaji. Mama yake ndiye aliyeniambia: huyo ndiye anayemtaka, na nikimkataa hataleta mwingine. Nikasema asiyejua jina la mfugo wake atamjuaje mke. Nilisema hivyo, lakini chai ilinishinda.

Kijana akarudi peke yake, bila mshenga. Hilo nililipenda, ingawa sikumwambia. Akaamkia, akaomba mnyororo wa kufungia ndama. Akashika ncha moja, binti yangu akashika ya pili, wakauacha ulegee katikati.

"Hii ndiyo kateneri, baba. Kwa Kilatini ni mnyororo."

"Halafu?"

"Basi. Ni hivyo tu."

Watoto wa watu wanalia madarasani, kumbe wanalilia mnyororo wa ndama. Nikamuuliza na ile saini. Akasema Wahindi wa kale waliiita uzi wa upinde, Waarabu wakalichukua neno kwa herufi zao, Wazungu wakalisoma vingine wakaandika mkunjo wa nguo ya kifuani. Mpaka leo hawajarekebisha. Mtoto akikosea herufi anachapwa. Wao wamegeuza upinde kuwa nguo, na bado wanavalishwa majoho.

Nikamwambia mnyororo wake ule ni njia ileile ya jiwe lililorushwa, imepinduliwa tu.

"Hapana, baba. Hata wasomi wakubwa wa zamani walidhani hivyo. Vinafanana, lakini si kitu kimoja."

Akanibishia. Nimekaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu, na yeye ndiye mwenye shida. Binti yangu akauvuta mnyororo upande wake, kama anayemwonya. Kijana hakufuta neno lake.

Kuhusu jiwe sijakubali hadi leo. Nimerusha mawe tangu kabla baba yake hajazaliwa. Lakini mtu aliyesema hajui mbele ya mshenga wake, akaenda kutafuta, akarudi, kisha akanikatalia huku anahitaji kitu mkononi mwangu, huyo hatamdanganya mwanangu. Nikamwambia amlete tena yule mshenga, ila aongee kidogo.

Kwenye ng'ombe wa mahari alikuwemo mtamba mwekundu, ngozi ya shingo imening'inia kutoka kidevuni hadi kifuani. Mkwe wangu akamtazama, akasema, "Huyu ni Kateneri."

Nikamwambia hapa si chuoni. Anaitwa Mnyororo, na ukiuliza kwa nini, mtoto yeyote hapa nyumbani atakuonyesha kwa kidole.