Ukurasa wa Kuzima Injini

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu mwenyekiti wa kijiji aliinua mkono akatazama saa yake na kusema, "Katibu, andika, saa tatu na robo injini inaingia," na katibu hakuwa na kalamu. Nikaandika mimi, nyuma ya daftari langu la Jiografia. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani likizo, na kila kitu nilikuwa nakiandika kwa kuwa kusema kulinishinda.

Injini ilikuwa ya dizeli. Gari lilikuwa la petroli, landrova kuukuu ya kijiji, tuliyoachiwa na misheni kabla sijaanza shule. Baba ndiye aliyekuwa dereva wake. Siku nyingine ilibeba mbegu, siku nyingine wajumbe wa mkutano, lakini kazi yake hasa ilikuwa kupeleka wagonjwa hospitali, Biharamulo mjini. Vita vilipoanza walikuja watu wawili na karatasi: magari yanahitajika mpakani. Baba akatia sahihi. Akafua turubai, akawapa na spana zake. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Ilirudi ikivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori. Injini ilikuwa imekufa, na mlangoni mtu alikuwa amechora kwa msumari jina la mwanamke tusiyemjua.

Wakati gari liko huko, mvua zikiwa zimeshika kweli, mama alishikwa na uchungu. Wanaume wanne walimbeba kwa machela. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mwavuli wa mwalimu wa kwaya, na hakulia. Siku ya tatu mama alirudi kwa miguu yake. Tangu hapo sikuwahi kumwona akiitazama landrova. Hata akienda kuchota maji alipita upande wa pili wa migomba.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi saba. Kila mtu kijijini alikuwa akihesabu, ila hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Petroli ilikuwa haipatikani hata kwa kibali. Dizeli ilipatikana kidogo kidogo, kwa sababu ya malori ya pamba na mashine za kusaga. Ndipo ikasikika kwamba huko Kabanga kuna mfanyabiashara ambaye landrova yake ya dizeli ilibiringika bondeni, bodi yote ikaharibika, injini ikabaki nzima. Kijiji kilimpelekea maharage, naye akatupa injini pamoja na kitabu chake cha maelekezo, kimelowa oili mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Fundi tuliyemleta kutoka Ngara alikuwa mzee aliyeyajua magari ya petroli kama mtu anavyowajua mbuzi wake, lakini Kiingereza hakujua, na dizeli alikuwa ameisikia zaidi kuliko alivyoishika. Baba akasema, "Binti yangu atasoma." Ndivyo nilivyojikuta nimekaa juu ya kreti nyuma ya migongo ya wanaume, nikisoma kimoyomoyo Kiingereza na kukitoa kwa Kiswahili.

Injini iliinuliwa na ng'ombe. Walisimika miti mitatu ya mkaratusi, wakaifunga vichwa, wakaning'iniza gurudumu la kuvutia ndoo kisimani, na jirani yetu Msukuma, aliyehamia kutoka Shinyanga, akaleta maksai wake wawili. "Mwangaluka!" alituamkia, akafunga kamba kwenye nira. Kila fundi akisema "kidogo," yeye aliwanong'oneza maksai, nao wanakwenda hatua moja tu.

"Hawa wanakusikia kuliko wajumbe wangu," mwenyekiti alisema.

"Hawa siwaiti mkutanoni, mwenyekiti. Ndiyo maana."

Watu wakacheka. Injini ikashuka ndani ya gari taratibu, na mbele ya gari pakazama kwa uzito, springi zikalia. Fundi akaanza kufunga bolti.

Nilisoma vizuri mwanzoni. Wapi bomba la dizeli linaingia. Namna ya kutoa hewa kwenye pampu kwa kulegeza skrubu mpaka povu liishe. Plagi za kupasha moto, uzisubiri kwanza ndipo upige starta. Fundi alikuwa akiitikia "naam, naam," kama yuko kanisani. Kisha nikafika penye maonyo: usivute sigara karibu na tangi, nawa mikono, hakikisha gari limesimama mahali tambarare. Fundi akanyoosha mgongo.

"Mwanangu, hayo waliandikiwa watu wasiojua magari. Ruka. Nisomee kazi."

Wote wakacheka, na sikio langu likawaka moto. Hawakunicheka mimi, lakini mwili wangu haukujua hivyo.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na kichwa cha habari: namna ya kuzima injini. Niliusoma wote kimoyomoyo. Ulisema ufunguo hauzimi injini ya dizeli. Umeme kazi yake ni kuwasha tu. Ikishawaka inaendelea maadamu inapata dizeli. Ili izime lazima usukume mkono mdogo wa chuma ulio pembeni ya pampu, ambao hufungwa waya hadi mbele ya dereva. Kulikuwa na mchoro.

Nilielewa. Naandika hivyo kwa sababu baadaye watu walinitetea kwamba Kiingereza kilikuwa kigumu. Hakikuwa kigumu. Nilifikiri nikisema, "Sasa nawasomea namna ya kuzima gari," watacheka tena, kwa maana hata mtoto anajua gari linavyozimwa. Nikageuza ukurasa.

Mpaka saa kumi alasiri injini ilikuwa imekaa. Vitu viwili vilikuwa bado. Shafti za kupeleka nguvu kwenye magurudumu zilikuwa zimelala juu ya majani ya mgomba, zimepakwa grisi. Na rejeta ilikuwa imevuja, imepelekwa mjini kuchomelewa, itarudi Jumatatu na lori. Maana yake injini haikuwa na maji hata tone.

"Tuiwashe dakika moja tu tuisikie," fundi alisema. "Dakika moja haiunguzi."

Baba alinitazama kama anayeuliza kitabu kinasemaje. Nikatazama chini. Akapanda. Betri ilikuwa ya kuazima kwa dereva wa lori la pamba. Walisubiri plagi zipate moto, baba akapiga starta, ikakoroma, ikakohoa moshi mweupe, kisha ikashika.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Wanawake walipiga vigelegele. Maksai walirudi nyuma na kumburuta jirani yetu Msukuma. Mama alikuwa amekaa kizingitini akimenya maharage, na kwa mara ya kwanza aligeuza uso akaitazama landrova.

"Basi, zima," fundi akasema.

"Nimezima."

"Nakwambia zima!"

"Nimezima, mzee wangu! Ufunguo huu hapa!" Baba akautoa mkono dirishani, ufunguo unaning'inia kwenye kidole, na injini inanguruma.

Kwanza watu walicheka. Jirani Msukuma akasema, "Hiyo imetoka Kabanga, haijui Kiswahili." Mwenyekiti akaamuru betri itolewe. Wakaitoa, wakaiweka chini kwenye nyasi, na injini ikaendelea kama vile haikuona kitu. Hapo kicheko kikakatika. Betri imekaa pale, gari linaunguruma hapa. Mzee mmoja akavua kofia.

"Tia gia uachie klachi, izimike!" fundi alipiga kelele.

"Nitie gia na shafti ziko kwenye majani?"

Harufu ya rangi inayoungua ikaanza kutoka. Fundi akawa anazunguka gari akishika kichwa, akisema, "Itajifunga, jamani, itajifunga," na sote tulijua maana yake: vyuma vitashikana ndani, na tutakuwa na injini mbili zilizokufa badala ya moja. Mama alisimama. Maharage yalimwagika kutoka kwenye kanga. Aliweka mkono kiunoni, ule mkono wa wanawake wenye mimba.

Nilimwona mama, ndipo nikainuka kwenye kreti.

Ningeweza kupaza sauti, lakini haikutoka. Nilikwenda. Nilipita kati ya mwenyekiti na fundi bila hata kusema samahani, nikapeleka mkono ndani, karibu na feni inayozunguka. Baba akapiga kelele, "Toa mkono! We mtoto, toa mkono!" Niliutafuta kama ulivyokuwa kwenye mchoro, mkono mdogo wa chuma wenye tundu mwishoni. Ulikuwa wa moto. Nikausukuma.

Injini ikatikisika mara mbili, ikanyamaza.

Nikasikia kuku.

"Nani amekuonyesha hapo?" baba aliuliza.

"Kitabu, baba."

"Kitabu kinasema?"

"Kinasema."

"Mbona hukutusomea?"

"Niliruka."

Fundi akaja akasimama katikati yetu. "Mwache. Mimi ndiye niliyemwambia aruke."

Alikuwa mwema. Lakini yeye aliniambia niruke maonyo ya sigara, hakuniambia niruke ukurasa wa kuzima. Nilijua, na nadhani baba alijua, maana alinitazama kwa muda kisha akaanza kuokota spana za fundi moja moja. Mtu alileta ndoo ya maji aimwagie injini. Fundi akamfukuza, akasema chuma cha moto kikimwagiwa maji ghafla kinapasuka. Iachwe ipoe yenyewe. Kama imejifunga au haikujifunga, tutajua asubuhi.

Watu walitawanyika. Nilikwenda kuokota maharage ya mama. Tuliokota wote wawili, yeye kwa taabu, mpaka nikamwambia akae. Nilitazamia anigombeze. Badala yake akasema, kama anayeongea na maharage:

"Siku ile ya karatasi, baba yako alipotia sahihi, nilikuwa nimesimama pale kwenye mgomba. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Nilitaka kuuliza, je, litarudi lini? Hilo tu."

"Kwa nini hukuuliza, mama?"

"Wageni walikuwapo. Na mwenyekiti. Na watu wanapiga makofi." Akapuliza vumbi kwenye kiganja. "Ukinyamaza mara moja unaona umejistiri. Halafu kile kitu unabaki nacho wewe peke yako."

Akaniuliza kama ndizi zimeiva jikoni.

Kabla giza halijaingia niliandika hayo yote katika daftari la Jiografia. Niliandika pia kwamba mwaka jana nilimchukia baba kwa ile sahihi, wiki nzima sikumwamkia sawasawa, na leo mimi nimefanya nini.

Asubuhi yake, Jumapili, kengele ya kwanza ya kanisa haijalia, nilichukua kitabu nikatoka. Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa ameshika hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, mbele ya gari, hajaizungusha. Nadhani alikuwa akiogopa jibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akazungusha. Ilikataa. Akatema mate viganjani, akaegemea kwa uzito wake wote, na injini ikageuka, nusu, kisha mzunguko mzima, ikipumua *fuu* kama ng'ombe anayelala. Akazungusha tena. Na tena. Hakucheka, alikaa chini kwenye nyasi zenye umande na suruali yake ya kanisani.

Nikafungua ule ukurasa. Sikukaa kwenye kreti. Nilisoma nimesimama, kichwa cha habari kwanza, kisha kila mstari, hata ule unaosema usiache gari linaunguruma ndani ya banda lililofungwa, ingawa hatuna banda. Baba hakunikatiza. Nilipofika kwenye waya, aliinuka akachungulia ndani ya gari. Waya wa choki, uliokuwa ukivutwa ile injini ya petroli ikiwa baridi, ulikuwa bado unaning'inia pale mbele ya dereva, na kirungu chake cheusi. Dizeli haina choki. Waya ulikuwa hauna kazi.

Mikono ya baba ni minene. Mimi ndiye niliyeupitisha waya tunduni na kuukunja kwa koleo.

Alifunga betri, akapanda, akanionyesha kiti cha pembeni. Nilikuwa sijawahi kukaa mbele.

"Hesabu mpaka kumi, kisha vuta," alisema. "Usingoje niseme mimi."

Ikashika mara ya kwanza. Nikahesabu, kimoyomoyo moja na mbili, halafu nikaona haifai, nikaendelea kwa sauti juu ya ule mngurumo, tatu, nne, mpaka nikawa napiga kelele kabisa. Kumi. Nikavuta.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga kichwani.

"Imezimika yenyewe?" aliuliza kwa mbali.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Nimeizima mimi."