Masomo ya Bombay

Juzi nilikuwa ofisi ya elimu hapa Shinyanga, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu kijana aliyesomea sheria Bombay alikuwa akiomba masomo aliyokwisha kufaulu yahesabiwe, ili akamalizie shahada ya juu ya sheria Uingereza. Baba yake, mfugaji wa Ushirombo, alisimama kando yake, kofia kaishika kifuani.

"Ya Bombay hayahesabiwi," alisema bwana wa elimu, Mwingereza, bila kutoa kiko mdomoni. "Aanze upya."

Mzee akaomba ruhusa aseme. "Bwana mkubwa, mimi mahari nililipa Kishapu. Wakwe wakahesabu ng'ombe, wakapokea. Baadaye nikahamia Ushirombo na mke wangu. Hakuna mtu kule aliyeniambia nimuoe upya."

Bwana akatoa kiko, akakielekeza mlangoni. Mzee akavaa kofia yake palepale, mbele ya picha ya Malkia, akatoka na mwanawe.

Mpaka leo nimekasirika. Bwana yule naye alisoma kwao, akavuka bahari, akashuka na cheti chake kuja kututawala. Wala hapa hakuna aliyemwambia aanze upya.