Mninga wa Mngoni

Mume wangu Agapiti alikuwa mpasua mbao, na mke wa mpasua mbao anaishi na unga wa aina mbili. Wa muhogo nautwanga mwenyewe. Wa mbao analeta yeye, kwenye nywele, masikioni, mpaka kitandani. Nilimfokea miaka yote tuliyokaa hapa Nanganga. Alikuwa anaitikia, "Sawa, mama Valentina," kisha anaingia ndani vilevile.

Lakini nisimseme vibaya. Wapasua mbao wengi wakishaangusha mti wanaondoka zao. Yeye alikuwa anarudi. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mninga mkubwa aliourithi kwa mjomba wake, na kila mwaka aliokota mbegu zake akaenda kuzipanda alikokata. Mche wa mninga una vituko. Kiangazi unakauka juu, unasema basi, huyu kafa. Mvua zikianza, unachipua tena kutoka mizizini. Majirani walimcheka walipomwona akifyeka majani kuzunguka vijiti vikavu ili moto usifike. "Agapiti analea kuni," walisema. Kuni zile baadaye zilimpita kimo, na waliocheka wakaja kuomba mbegu.

Ukaja mradi wa karanga wa Nachingwea. Wazungu walileta makatapila, yakang'oa msitu na kuusukuma malundo malundo, uchomwe moto. Agapiti alikwenda kuangalia, akarudi chakula hakipiti. Miti ya mninga, miti ya mkongo, yote majivu, ili karanga ipate pa kulala. Akamwomba msimamizi magogo, akaruhusiwa kuchukua yale ambayo dereva wa lori angekubali kumletea. Huko akampata pia Kornel, Mngoni wa Songea aliyechoka na kazi ya karanga. Wakaanza kupasua pamoja hapa nyumbani, Agapiti juu ya gogo, Kornel chini shimoni, msumeno katikati yao.

Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, tangu babu zao walipotukimbiza na mikuki. Kwa hiyo shimo lile halikuwa na kimya.

"Vuta, Mmwera," Kornel anasema kutoka chini. "Au unataka kukimbilia mlimani kama babu yako?"

"Babu yangu alikimbia harufu ya babu yako," Agapiti anajibu.

Na kazi inakwenda. Mtani humkasirikii, na akikuomba kitu humnyimi. Hata msibani mtani hulala ndani ya kaburi, hatoki mpaka apewe anachotaka, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

Mwaka mmoja padri wa parokia aliagiza mbao za madawati, shule ifunguliwe baada ya Noeli. Agapiti akakubali mbele ya watu, misa ikitoka. Mvua nazo zikawahi. Barabara ya Nachingwea ikawa uji, lori halipiti, magogo hayaji. Mume wangu alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akanyoosha kidole nyuma ya nyumba.

"Ule unatosha," akasema.

Nilimwambia hapana. Ule ndio mama wa miti yako yote, ukiukata utapanda nini, mawe? Akasema ahadi ni deni. Tukagombana vizuri, nikanuna, naye akanuna. Kesho yake asubuhi alinoa shoka macho mekundu, akaenda. Mimi nikabaki jikoni, sikutaka kuona.

Nikasikia anasema, "Ondoka hapo." Nikatoka. Kornel alikuwa amelala chali kwenye shina la mninga, mikono kifuani, macho ameyafumba, maiti kabisa.

"Kornel, leo sina mchezo."

"Maiti haongei na Wamwera."

Agapiti akajua ameshikwa. Akaahidi kuku. Maiti ikatikisa kichwa. Akaahidi shati lake la kwendea kanisani. Maiti ikasema halitamtosha, Wamwera wana vifua vidogo kama vya ndege shorewanda. Niliziba mdomo kwa kanga, maana nilikuwa bado nimenuna na sikutaka waone nacheka.

"Unataka nini basi?"

"Nataka huu mti."

Angefanyaje? Mtani ameomba. Agapiti alikaa chini, akaweka shoka kando. "Chukua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kornel akainuka, akajikung'uta matope. "Sasa ni wangu, na mimi sikati. Twende Nachingwea."

"Lori halipiti."

"Gogo ndilo halipiti. Mbao inapita kichwani. Tukachimbe shimo kulekule kwenye malundo."

Msinichekee mume wangu kwa kutolifikiria hilo. Shimo lake alilichimba na mjomba wake, wakamwaga unga kuwaomba wazee, na tangu hapo hakuwahi kupasua mahali pengine. Siku ile alikubali, wakaenda kupasua huko. Tulikwenda parokia nzima kuzichukua mbao, wanaume kwa wanawake, matope magotini, tukiimba na kutukanana kwa furaha njia nzima. Madawati yalichelewa, padri akanung'unika kidogo, watoto wakakaa.

Mninga bado upo. Wanunuzi wakija kuuchungulia, Agapiti anawaambia mwenye mti yuko Songea, waende wakamuulize.

Maana mradi wa karanga ulikufa, na Kornel akarudi kwao. Siku anaaga nilimuuliza kwa nini alimkataa kuku, yeye anayependa kula vile.

"Shemeji," akasema, "Agapiti alikuwa anataka mtu wa kumkataza. Wewe ulimkataza, lakini wewe mkewe, ilibidi akushinde. Kushindwa na mtani si aibu."

Nilimtukana, kama inavyompasa mtani anayeondoka. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Nimelala na Agapiti miaka yote hiyo, na Mngoni ndiye aliyemsikia.