Matanga Ndani ya Boma la Ruziba

Kilimani juu ya Ruziba lipo boma la kale: handaki la mviringo, na kando yake tuta la udongo lililoota nyasi. Waliolichimba hata majina yao hayajulikani. Serikali iliweka kibao cha kulilinda, ikamwachia Scholastique, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kazi ya kuliangalia, kisha ikarudi zake mjini kulala.

Naye akaliangalia kwelikweli. Mwanamke huyu alivuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, akiwa msichana, risasi zikilia nyuma yake, na tangu hapo hapendi kuambiwa asogee.

Basi Bonfils, mchoma matofali, akautamani udongo wa tuta lile. Akatangaza sokoni kwamba kesho yake lori lake linapanda kuuzoa wote. Scholastique aliwapigia simu wakubwa mpaka sikio likapata moto. Wote walikuwa mkutanoni, kama kawaida yao. Akaifunga simu kwenye pindo la kitenge, akawaita wanawake wenzake.

Asubuhi lori liliwakuta wameketi kwenye mikeka ndani ya boma, moto wa matanga unawaka, wanaimba nyimbo za kuaga marehemu. Wachimbaji wakashuka, wakavua kofia. Penye msiba jembe haligusi ardhi. Hilo halihitaji kufundishwa. Mmoja akalaza koleo lake chini, akaenda kuketi na wafiwa.

Bonfils akaruka kutoka kwenye lori, amefura. "Mama Scholastique, nani amekufa?"

"Wenye hapa."

"Hao walikufaka zamani sana! Na we ni mukongomani, unawalilia kama nani?"

"Kama jirani. Watoto wao wameisha, patron. We umekuja kuwachimba, mi nimekuja kuwalilia. Nani jirani muzuri?"

Wanawake wakaangua kicheko, wakakumbuka wako msibani, wakaimba kwa nguvu zaidi.

"Na matanga itaisha lini?" Bonfils aliuliza, sauti imepungua, maana sasa hata dereva wake alikuwa ameketi.

Scholastique akasimama. Hakuinamisha uso.

"Mama yangu alikufaka njiani, tukikimbia. Tulimuacha palepale, hata matanga apana. Kilio chake chote kiko humu kifuani, sijakigusa hata kidogo. Leta lori kesho. Leta kesho kutwa. Mi sikimbii tena."